Virusi vya Ernesta

Jumatatu, 3 Juni 2024

Likizo imeanza! Nimerudi Ngara mjini jana. Mwanangu Diana yuko Nyamahanga, Biharamulo, kwa mama yangu, hataki hata kuongea na mimi kwenye simu, anakimbizana na mbuzi. Nyumba imepoa. Nikasema nikashinde dukani kwa Clever, nimsaidie kutoa kopi. Siku zote mimi niko Kibimba na darasa langu la tatu, tunaonana Jumamosi na Jumapili tu. Sasa nina mwezi mzima wa kuwa mke.

Nilianzia ng'ambo ya barabara, kwa Nimpaye, ninunue maandazi ya chai yetu. Nimpaye akacheka kabla hajayafunga. Akasema, Mwarimu, yule mgonjwa wa bwana wako amekuja tena.

Mgonjwa gani?

Akanionyesha kwa kidevu. Mbele ya duka letu msichana anashuka kwenye bodaboda. Mkoba wa laptopu wa zambarau. Kitenge kimeshonwa kikashoneka. Nimpaye anasema anaitwa Ernesta, karani wa chama cha kahawa kule Ntobeye, na kompyuta yake haiponi virusi. Kila wiki yumo. Akipata nafasi, anakuja kabla wiki haijaisha.

Sikuvuka. Nikakaa kwenye benchi la Nimpaye kama mpita njia, natazama duka letu kwa mbali. Clever alitoka mpaka mlangoni kumpokea! Mimi jana nimefika na mabegi, hakuinua kichwa kwenye simu. Akauchukua ule mkoba kwa mikono miwili kama anapokea kichanga. Akatoa kitambaa laini, akafuta kioo cha kompyuta. Taratibu. Pembe kwa pembe. Wakawa wanaongea Kihangaza chao cha haraka — mimi Msubi wa Biharamulo nashika neno moja, mengine yananipita. Kicheko lakini nilikisikia vizuri.

Maandazi nimeyala mwenyewe. Yote.

Jumatano, 5 Juni

Nimemuuliza. Nilijizuia jana kutwa, leo wakati anavaa koti lake la kazi yamenitoka.

Baba Diana, yule wa Ntobeye ana shida gani?

Vairasi, anasema. Ofisini kwao kila mtu anachomeka flashi yake. Nasafisha leo, kesho vimerudi.

Nikamwambia fundi mzuri akisafisha kitu kinakaa. Akacheka, akanigusa bega. Mama Diana, mteja ni mteja. Ungependa wasirudi?

Ndiyo. Ningependa huyu asirudi!

Sikusema. Nimeandika hapa tu.

Amependeza, sikatai. Ana shingo ndefu, na kucha zimepakwa rangi ya mkoba. Za kwangu zina chaki mpaka Desemba. Nimejitazama kwenye kioo cha kabati, nikabadilisha blauzi, kisha nikairudisha ile ya kwanza. Nimvalie nani? Clever leo alikuwa Rulenge, alirudi amechoka, akasema ugali umeiva vizuri. Basi.

Nimewaza hivi. Kama kinachomleta ni virusi, basi mimi nitaviua hivyo virusi. Nitajifunza. Vikiisha, tuone atakuja na sababu gani.

Ijumaa, 7 Juni

Ajabu ya mwaka — nimehudhuria mafunzo ya TEHAMA kwa hiari yangu! Yanafanyika kituo cha walimu. Mwaka jana kwenye mafunzo hayo hayo nilisinzia mpaka kalamu ikaanguka. Leo nimekaa mstari wa mbele.

Mkufunzi ni Mwalimu Audax wa sekondari, mtu mpole mwenye miwani. Mada: kulinda kompyuta yako. Wenzangu walikuwa wanachati. Mimi nimeandika kama mtu anayejiandaa na kesi.

Antivairasi bila kusasisha ni mlinzi aliyelala. Kompyuta ikikuomba isasishwe, usiiambie kesho. Programu za wizi, zile za kukrak, zinakuja na wageni wake ndani. Flashi ya mtu usiifungue kabla ya kuiskani, hata kama mtu huyo unamheshimu. Kiungo kinachokuja kwenye meseji kikikuambia umeshinda kitu, hujashinda kitu. Weka nakala ya mambo yako sehemu nyingine, siyo kwenye kompyuta ile ile. Pitia orodha ya programu zako, usiyoijua uulize nani kaiweka.

Nikanyoosha mkono. Mwalimu, kompyuta ikishasafishwa vizuri, virusi vinaweza kurudi vyenyewe?

Audax akavua miwani. Virudi vipi, mwalimu? Mpaka mtu avilete.

Mpaka mtu avilete! Njia nzima nimekuwa nikiyarudia maneno hayo. Kumbe anavileta! Anachukua flashi chafu makusudi, anachomeka, anapanda bodaboda, anakuja kufutiwa kioo na mume wangu. Mwanamke ana akili yule.

Jumapili, 9 Juni

Nimemwona kanisani. Alikuwa upande wa pili, karibu na kwaya. Kitambaa cha kichwa cha rangi ile ile ya zambarau. Kwani hana rangi nyingine?

Clever hakugeuka hata mara moja kuangalia upande ule. Mtu asiyekuwa na neno angegeuka walau mara moja.

Mahubiri sikumbuki yalihusu nini.

Jumanne, 11 Juni

Leo!

Clever kaitwa Rulenge tena, printa ya watu imekwama. Akaniachia duka. Kabla ya saa nne bodaboda ikasimama, na mkoba wa zambarau ukaingia.

Shikamoo yake ilikuwa nusu nusu, kama mtu asiyejua umri wangu. Akaangaza macho. Akauliza, fundi yuko?

Hayupo. Kompyuta ina nini?

Imekuwa nzito, dada. Huwa ananiangalizia. Kisha akatabasamu vizuri kabisa, akaniuliza: Wewe ndiye msichana mpya wa duka?

Msichana mpya wa duka!

Nikamwambia, taratibu, kwa sauti ya darasani: Mimi ndiye mama Diana. Mke wake.

Alibadilika uso. Alishika mgongo wa kiti. Nilidhani ataanguka, nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe. Akasema, samahani, mama. Sikujua. Nilifikiri — halafu hakumalizia.

Nikamwambia keti. Leo nakuangalizia mimi.

Nikafanya kama Audax alivyotufundisha. Nikaunga intaneti ya simu yangu, bando langu mwenyewe, nikasasisha, nikaiskani yote, siyo ile ya haraka haraka. Ilichukua muda. Tulikaa wawili, tunatazama ule mstari wa kijani unavyotembea. Yeye anakunja na kukunjua leso. Nimpaye ng'ambo kule ameacha kukaanga, amesimama na mwiko mkononi!

Mwisho ikaandika: hakuna tishio lililopatikana.

Hakuna. Hata kimoja. Kompyuta safi kuliko zote nilizowahi kugusa. Na antivairasi aliyowekewa siyo ya bure, ni ile ya leseni, mwaka mzima. Nikafungua nione imesajiliwa kwa nani. Barua pepe ya Clever.

Nikamuuliza nani kakuwekea hii? Akajibu kwa kunong'ona kwamba Clever alimwambia ni zawadi ya duka kwa wateja wazuri.

Nikafunga kompyuta. Nikamwambia dada, huna virusi. Tangu lini huna, hilo unalijua wewe.

Akaondoka hakunywa hata chai niliyomtilia. Nimeishinda siku. Mbona basi sijisikii vizuri? Laptopu yetu ya nyumbani, ambayo ina picha zote za Diana tangu siku aliyozaliwa, haina antivairasi ya aina yoyote. Nimewahi kumwomba. Alisema atashughulikia.

Alhamisi, 13 Juni

Jana Clever alinuna. Umemwambia nini mteja wangu? Hapokei simu. Nikamuuliza, na wewe unampigia kwa nini? Akasema ya kazi. Akatoka.

Leo ndiyo balaa. Nilitaka kunakili mitihani ya muhula kutoka dukani nianze kuandaa majibu ya kusahihishia. Nikachukua flashi ya dukani, ile nyeusi inayoning'inia kwenye msumari pale kaunta, inayotumika kwa kila mteja. Nikachomeka kwenye laptopu ya nyumbani. Sikuiskani. Nitaiskani na nini?

Mitihani ikafunguka. Nikashukuru. Baadaye nikataka kumtazama Diana, nimemmiss. Folda yake imegeuka kishotikati, kipicha tu cha njia ya mkato chenye mshale. Nikabofya. Hakuna. Picha za ubatizo — mshale. Video ile ya kwanza ya kutembea, anashika ndoo ya bibi yake na kuanguka nayo — mshale tu!

Nimelia kwa sauti. Nimempigia Clever. Akasema usiguse kitu, nitaangalia.

Alipokuja akauliza kwa ukali, umechomeka flashi ya nani?

Yako, Baba Diana.

Akasema nitaangalia Jumamosi. Kwa Ernesta anaangalia siku ile ile.

Jumamosi, 15 Juni

Hajaangalia. Amesema kazi nyingi.

Nimeenda dukani mwenyewe wakati amepeleka karatasi halmashauri. Nikachomeka ile flashi nyeusi kwenye kompyuta kubwa ya kaunta, ambayo juzi nimeisasisha bila kumwambia. Ikapiga kelele hapo hapo. Ukurasa mzima mwekundu. Virusi vya kila jina. Kumbe hii ndiyo inaingia kwenye laptopu ya katekista Celestini, na ya ofisi ya kata, na ya kila mwalimu anayekuja kuchapa mtihani. Hii ndiyo inawarudisha! Celestini maskini hurudi kila baada ya siku chache, anasema kompyuta yangu ina mapepo.

Nikavuta droo nitafute flashi nyingine. Chini ya risiti, ndani ya kimfuko chake cha plastiki, kulikuwa na nyingine. Ya bluu. Mpya. Imebandikwa kikaratasi: E.

Nikaiskani. Safi kama maji ya kisima.

Nimekaa chini kwenye sakafu ya duka nyuma ya kaunta, mteja akiingia asinione. Nataka niandike vizuri jambo hili. Mume wangu anajua kulinda kompyuta. Anajua vizuri kabisa! Ana flashi chafu kwa dunia yote, mimi na mwanangu tukiwamo, na ana flashi moja safi kwa mtu mmoja. Wanaume wengine wanahonga kanga. Huyu kampa mtu kompyuta isiyougua.

Alivyorudi nikamwekea ile ya bluu mbele yake. E ni nini?

Akaitazama. Akasema: emajensi.

Emajensi! Nilicheka mpaka nikaogopa sauti yangu.

Jumatatu, 17 Juni

Idi leo, mji umetulia. Duka limefungwa, Clever kaenda kwao kuangalia migomba. Vizuri. Nilitaka niwe peke yangu.

Nilimpigia Mwalimu Audax. Nikamweleza kuhusu mishale. Akauliza, ulifuta kitu? Sijafuta. Akasema basi usilie, mwalimu. Virusi vya namna hiyo havili mafaili, vinayaficha, vinakuwekea picha ya mlango badala ya mlango. Akanielekeza kwenye simu polepole. Kwanza nipakue antivairasi ya bure inayoaminika, niisasishe, iskani yote. Halafu niiambie kompyuta inionyeshe vilivyofichwa. Halafu amri moja ya kuandika kwenye kile kidirisha cheusi. Niliiandika vibaya, nikarudia. Alisubiri. Hakuniambia hata mara moja nifanye haraka.

Na Diana akatokea!

Wote, mmoja mmoja, wakajaa kioo kizima. Diana na ndoo. Diana na keki usoni. Diana na baba yake, amelala kifuani pake, Clever naye amelala mdomo wazi. Hiyo ya mwisho nimeitazama muda mrefu. Nilimpenda sana mtu huyu. Nampenda. Ndiyo maana naumwa hivi.

Nimenakili zote kwenye diski ya nje niliyoazima kwa mwalimu mwenzangu, na nakala nyingine nimemtumia dada yangu Biharamulo. Sasa zipo sehemu tatu. Hazimtegemei mtu.

Jumatano, 19 Juni

Tumegombana. Asubuhi, dukani, mlango wazi. Nilijiapiza nisifanye hivyo mbele za watu.

Nilianza na flashi nyeusi. Nikamwambia unaambukiza mji mzima. Akasema mwalimu wa darasa la tatu ananifundisha kazi yangu? Nikaichomeka akaona mwenyewe ule wekundu. Akakuna shingo. Mwanzo akasema hakujua. Baadaye akasema alijua kidogo. Akasema Mama Diana, lile duka lingine la kompyuta hapo juu limefungwa kwa kukosa wateja, wewe mshahara wako unakuja tu kila mwezi. Mimi mtu akipona moja kwa moja, nitakula nini?

Nikamuuliza, na Ernesta mbona amepona moja kwa moja?

Yule ana majina ya wakulima, anasema. Ana kilo zao za kahawa zote mle. Vikipotea wakulima wataumia, chama kitaumia.

Jibu zuri. Karibu nilikubali. Nikamuuliza tena.

Na picha za Diana?

Alichukua bisibisi akaanza kufungua kompyuta ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Nimeifuta ile nyeusi yote, kavu. Nimeandika kwa kalamu ya maka kwenye karatasi, nimebandika ukutani: FLASHI ZOTE ZISKANIWE KWANZA. Celestini katekista alikuja na mapepo yake. Nimemsafishia, nimemwekea antivairasi, nimemfundisha kuisasisha, nimemwambia asirudi ila kwa salamu. Alinishika mikono yote miwili. Mchana wakaja wengine wawili wanauliza, mwalimu yuko? Siyo fundi — mwalimu! Clever alikuwa amesimama pale pale. Niliona taya lake limekaza. Nikaona raha. Na yeye aonje kidogo.

Lakini siku nzima macho yake yalikuwa barabarani, upande wa Ntobeye.

Ijumaa, 21 Juni

Hakuja. Wiki nzima hakuja.

Ningefurahi, lakini Clever ndiye amekuwa mgonjwa. Hali chakula vizuri. Anashinda na laptopu yake ndogo kwenye kona, ameupa ukuta mgongo ili mtu asipite nyuma. Nikisogea anaifunga. Nikamuuliza kazi gani? Akasema anamsaidia mteja kwa mbali.

Nimpaye anasema niachane nayo, wanaume wakikosa kitu hununa kama watoto, halafu husahau. Wa kwake alisahau kurudi kabisa.

Leo amenyoa ndevu. Hakuna mahali alipokwenda.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika dukani, kaunta. Nisipoandika sasa nitapiga mtu au nitalia.

Clever alitoka asubuhi kwenda kuchukua wino stendi. Ernesta akaingia. Bila rangi kwenye kucha, bila leso, kitambaa kimefungwa ovyo. Mkoba ameukumbatia.

Nikamwambia fundi hayupo.

Akasema, najua. Nimesubiri kwa yule mama wa maandazi mpaka atoke. Nimekuja kwako, mama Diana.

Nikamsogezea kiti.

Akasema, safari hii vipo kweli. Virusi.

Akaifungua mwenyewe. Anasema juzi alikuwa ofisini anaandika majina ya wakulima, kale kamshale ka kwenye kioo kakaanza kutembea. Kenyewe. Hajagusa kitu. Kakaenda chini, kakafungua meseji zake — meseji za simu anazifungulia kwenye kompyuta kwa sababu ofisini mtandao ni mzuri — kakasoma kama mtu anavyosoma, kakapanda, kakashuka. Alikimbia nje akapiga kelele. Mwenyekiti wa chama akasema ni uchovu.

Nikaiskani. Hakuna tishio lililopatikana.

Nikamwambia hamna kitu, dada. Akaanza kulia. Akasema, basi nina kichaa.

Kisha akaniambia lingine. Jana Clever alimpigia kwa namba ngeni, akapokea bila kujua. Akamuuliza kwa hasira: Gervas ni nani? Gervas ni binamu yake, yuko Kibondo, wanachati mambo ya harusi ya dada yao. Hajawahi kulitaja jina hilo kwa Clever. Hata siku moja. Akaniuliza mimi: alijuaje, mama Diana?

Nikaivuta kompyuta karibu.

Nikakumbuka yale ya kituo cha walimu. Pitia orodha ya programu, usiyoijua uulize nani kaiweka. Nikaifungua orodha. Taratibu, moja moja, tukiuliza. Hii? Ya kuandikia. Hii? Ya printa. Hii ya chama. Na hii?

Hiyo siijui, akasema.

Mimi niliijua. Clever anayo ile ile kwenye laptopu yake ndogo. Ni programu halali, mafundi wanaitumia — unaingia kwenye kompyuta ya mtu ukiwa mbali, unaona kioo chake chote, unamsukumia mshale. Ndiyo maana antivairasi haipigi kelele. Siyo virusi. Imewekwa na mtu aliyekabidhiwa kompyuta kwa mikono miwili. Na imewekwa iwe inafunguka yenyewe, bila mwenye kompyuta kuulizwa ruhusa. Nimeangalia tarehe. Ni mwezi wa tatu. Diana alikuwa na homa wiki ile, nilimpigia Clever simu kutoka Kibimba, hakupokea.

Nikamweleza. Hakulia tena. Alikaa wima kabisa. Akasema, aliniambia mmeachana. Aliniambia wewe umehamia Kibimba moja kwa moja, mtoto mmempeleka kwa mama yako Biharamulo. Siku ile uliposema wewe ndiye mke wake, nilirudi nyumbani nikamfuta kwenye simu. Sijaongea naye mpaka ile jana. Nikuapie?

Nikamwambia usiape. Nilimwamini. Ingekuwa rahisi zaidi nisingemwamini.

Akaniomba: nitolee vyake vyote. Hata hiyo antivairasi ya zawadi. Niwekee ya kwangu, kwa jina langu.

Nimeanza na ile ya kuchungulia. Kompyuta ikauliza, una uhakika unataka kuiondoa? Nikamgeuzia kioo abonyeze mwenyewe. Akabonyeza kwa nguvu. Nimembadilishia nywila zote, zake na za chama, yeye akiandika na mimi nikiangalia pembeni. Nimefunga akaunti ya Clever. Antivairasi mpya imeingia, inaskani kila kitu upya sasa hivi. Mstari wa kijani umefika katikati.

Halafu nimefanya jambo. Wakati inaskani nimetoa laptopu yetu ya nyumbani kwenye mfuko, nilikuja nayo leo. Nikafungua orodha ya programu. Nikaipitia mara ya kwanza. Nikaipitia tena kutoka chini kwenda juu.

Kwangu haimo.

Hakuweka. Wiki nzima niko Kibimba, na walimu wa kiume, na simu, na meseji zangu zote zimefunguliwa humu humu — hajawahi kutaka kujua naongea na nani. Ningepaswa kushukuru. Ernesta alisema, afadhali wewe, mama Diana. Nikaitikia ndiyo. Nimemwonea wivu! Wa kitu kibaya namna hii! Huyu msichana amechunguliwa, amedanganywa, amelizwa hapa mbele yangu, na mimi namwonea wivu.

Sasa hivi Clever amerudi. Hajaingia. Ameona mkoba kupitia kioo cha dirisha, ameegemea nguzo ya umeme mbele ya Nimpaye na katoni ya wino chini ya kwapa, amefungua laptopu yake ndogo juu ya benchi. Anabofya. Anabofya tena. Amekunja uso, kama mtu ambaye mlango wake umebadilishwa kitasa. Ameifunga.

Ametoa simu.

Simu ya Ernesta inaita hapa kaunta, inazunguka kwa kutetemeka juu ya karatasi zangu. Namba ngeni, lakini tunamwona wote wawili ameweka simu sikioni. Ernesta hapokei. Ananitazama mimi, anasubiri niseme afanyeje.

Imekatika. Inaita tena.

Yangu iko hapo pembeni yake. Nimeigeuza kioo juu. Haiiti.